Ramani Mkononi, Hekalu Mlimani

Shikoku ndicho kidogo kabisa miongoni mwa visiwa vinne vikuu vya Japani. Humo yamo mahekalu 88 ya dini ya Budha, yaliyo katika mzunguko wa kilomita 1,200 hivi. Mahujaji huyazuru kwa kumkumbuka mtawa Kukai, aliyeishi kati ya mwaka 774 na 835. Anayekwenda kwa miguu huhitaji yapata majuma sita.

Siku hizi msafiri huanza kuipanga safari hiyo angali nyumbani kwake, kwa kutazama ramani katika intaneti. Katika ramani za Japani, mahali patakatifu pa dini ya Shinto huonyeshwa kwa alama ya lango. Hekalu la Budha huonyeshwa kwa msalaba wenye ncha zilizokunjwa. Mgeni asishtuke, alama hiyo ilitumiwa na Wabudha karne nyingi kabla ya Wanazi wa Ujerumani kuchukua inayofanana nayo.

Lakini, ndugu msomaji, umbali si safari. Kutoka hekalu la 11, Fujiidera, hadi la 12, Shosanji, ni kilomita 13 hivi. Katika nchi tambarare huo ni mwendo wa saa tatu. Hapa huwa saa sita, na kwa wengine nane, maana njia hupanda, hushuka bondeni, kisha hupanda tena hadi kimo cha mita 700 hivi. Askari aliyefunzwa kusoma kontua hahitaji kuelezwa: mistari ikibanana, magoti yatalia.

Jambo la pili ni saa. Ofisi za mahekalu, ambamo hujaji hupigiwa mhuri katika kitabu chake, hufungwa saa 11 jioni. Achelewaye hulazimika kurudi kesho yake. Kwa hiyo mpangaji hodari huanza na saa ya kufunga, akahesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka.

Jambo la tatu, nalo ni kubwa kwa wenye familia, ni watu wenyewe. Hekalu la 75, Zentsuji, alikozaliwa Kukai, liko mahali tambarare, na hata bibi kizee aweza kulizunguka polepole. Kituo kinachofuata cha gari moshi ni Kotohira, penye mahali patakatifu maarufu pa Shinto. Ramanini vituo hivyo viwili vinakaribiana sana. Hata hivyo, kulifikia jengo kuu la Kotohira kuna ngazi 785 za kupanda. Atakayewaongoza wazee wake huko bila kujua hayo, atawaacha njiani wakihema.

Basi kabla ya kuhesabu mahekalu, hesabu kwanza watu wako, upange mwendo wa siku kwa kumfuata aliye dhaifu kuliko wote. Tena chukua nakala ya ramani katika karatasi, kwani milimani simu huweza kukosa mtandao au kuishiwa umeme.