Bakuli nililoliondoa

Niliwafungia watoto wawili wa paka stoo na sikuwawekea maji. Mmoja alikufa. Sikusahau. Maji niliyaondoa kwa mkono wangu, nikiwa na sababu ambazo wakati ule niliziona za kutosha kabisa. Nazieleza hapa kwa sababu najua si zangu peke yangu. Uliza mtaani kwenu paka ananywa nini, wengi watakujibu maziwa.

Mama yao alikuwa paka wa uani kwetu Tanga, hana mwenyewe. Aligongwa na gari, akaacha watoto chini ya tanki la maji, pale ambapo bomba huvuja na sakafu haikauki mwaka mzima. Walikuwa na meno tayari na wameanza kula, umri kati ya wiki sita na nane kwa makadirio yangu. Mbwa wa jirani walikuwa wameshawanusa. Nikawahamishia stoo, nikaweka boksi la mchanga kona moja na gunia la kulalia kona nyingine, nikafunga mlango.

Chakula chao kilikuwa dagaa wakavu, wale wa Zanzibar wanaochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha wakaanikwa. Niliwavunjavunja, nikachanganya na ugali uliobaki. Asubuhi na jioni niliwapa maziwa ya ng'ombe. Mwanzoni niliweka na maji, kwenye bakuli la plastiki lenye kina, ubavuni mwa chakula. Mmoja alilikanyaga, likapinduka, gunia likalowa. Nilipolijaza tena, hakuna aliyeligusa. Nikajiambia kumbe ni kweli yale tuliyokua tukiyasikia, kwamba paka na maji hawapatani. Nikaliondoa.

Kosa ni hilo. Mengine yote yalitoka hapo.

Nilikuwa na hoja ya kujitetea, na ilikuwa na sura ya busara: paka wa mitaani hawawekewi maji na mtu, na bado wanaishi na kuzaana kila msimu, kwa hiyo maziwa mara mbili kwa siku tayari ni anasa. Sikujiuliza paka hao wanakula nini. Wanakula matumbo ya samaki mbichi sokoni, panya, mijusi, na samaki mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Wakikosa hivyo, kuna mtaro, kuna beseni la nguo, kuna bomba linalovuja. Mimi niliwatoa watoto wale penye maji, nikawafungia mahali pakavu, nikawalisha kikavu chenye chumvi.

Walianza kuharisha. Nilidhani ni minyoo. Nikanunua dawa kwenye duka la dawa za mifugo, nikapunguza dagaa ili matumbo yapumzike, na kwa kuwahurumia nikaongeza maziwa. Usiku walikuwa wakilia sana, hasa yule mdogo mwenye baka jeusi puani. Kisha wakaacha kulia. Nilifurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba dawa imeshika.

Hawakuwa wamepona. Walikuwa hawana nguvu ya kulia.

Aliyegundua ni binti yangu. Alikuwa amempakata yule mdogo, akamgusa ufizi kwa kidole, akaniuliza, "Baba, mbona mdomo wake unanata?" Sikujua kwa nini, lakini nilijua mdomo wa kiumbe hai haupaswi kunata. Tukawatia kwenye kikapu, tukaenda kwa daktari wa mifugo.

"Wanakula nini, kaka?"

"Dagaa na maziwa."

"Maji wanakunywa?"

"Maziwa wanakunywa vizuri tu, daktari."

"Nimeuliza maji."

Nilinyamaza. Alimshika yule mdogo ngozi ya juu ya mabega, akaivuta kidogo, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama, mkunjo mwembamba katikati ya manyoya, na vidole vya daktari vimeshaondoka. Akaniambia nami nijivute ngozi ya mgongo wa mkono. Yangu ilirudi papo hapo. Ule mkunjo bado ulikuwa unashuka taratibu. Hapo ndipo nilipokumbuka tanki na sakafu yake iliyolowa, nikaelewa kwamba wale watoto walikuwa salama zaidi kwa upande huo kabla sijawaokoa.

Mdogo alikufa usiku uleule. Mwenzake aliwekewa maji ya dripu chini ya ngozi, akarudishwa tena na tena kuongezewa, akapona. Fedha zilitoka kwenye matumizi ya nyumbani, tukabana hadi mwisho wa mwezi. Binti yangu aliniuliza kama ni minyoo iliyomuua yule mdogo. Nilimwambia hapana, mwili wake uliishiwa maji, na mimi ndiye sikumpa. Alinisikiliza hadi mwisho. Tangu siku hiyo maji ya paka anayaweka yeye, wala haniachii kazi hiyo.

Daktari alinieleza yale ambayo ningepaswa kuyauliza mapema. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame, ambaye sehemu kubwa ya maji yake huyapata ndani ya nyama anayoiwinda. Ndiyo maana kiu yake ni ndogo na huchelewa kumsukuma. Akila kibichi, hilo halimdhuru. Akila kikavu, kiu hiyo ndogo haimtoshi, na asipowekewa maji mahali anapoyapita mara kwa mara anaweza kupungukiwa bila kudai. Paka mkubwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na yaliyomo ndani ya chakula. Mtoto huhitaji zaidi kwa uzito wake, na akiba hana: mwili usiofika hata kilo moja ukiharisha kutwa nzima, umeshapoteza sehemu kubwa ya ulichonacho.

Na maziwa niliyoyaona kuwa dawa yalikuwa yanaongeza ugonjwa. Mtoto wa paka anavyoendelea kuachishwa kunyonya, tumbo lake hupoteza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa. Sukari hiyo ikibaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini, na mnyama huharisha. Kila nilipojaza kisahani nilikuwa nazidisha kuharisha kulikokuwa kukimtoa maji.

Sasa tunafanya hivi. Dagaa tunawaloweka kwenye maji ya moto, tunamwaga yale yenye chumvi, kisha tunawachemsha upya bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu ni sumu kwa paka. Tunampa pamoja na supu yao ikiwa imepoa. Maji tunayaweka kwenye kisahani kipana chenye ukingo mfupi, kizito kiasi cha kutopinduka, mbali na chakula na mbali zaidi na boksi la mchanga. Hatuna kisahani kimoja tu. Kuna cha jikoni na cha barazani, na vyote huoshwa na kujazwa upya kila siku.

Tunaangalia pia mchanga. Mtoto anayekunywa vya kutosha huacha mabonge ya mchanga uliolowa. Mchanga ukiwa mkavu tangu asubuhi hadi jioni, au ufizi ukinata, au akilala tu bila kutaka kucheza, ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Usimlaze chali ukammiminia maji mdomoni kwa bomba la sindano, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni.

Nimekaa mara nyingi nikimtazama yule aliyebaki anavyokunywa. Hatumbukizi ulimi. Ncha yake inagusa tu uso wa maji na kurudi juu kwa kasi, maji yanainuka nyuma yake, naye anafunga mdomo kabla hayajaanguka. Kila mguso unampatia tone tu. Kinywaji kimoja cha kweli ni miguso mingi, na anahitaji utulivu na nafasi ya kuifanya. Kwenye bakuli langu lenye kina, lililogusana na chakula, huenda ilimwia vigumu.

Tangu madrasa nakijua kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Siku zote nilikisikia kama kisa cha watu wakatili. Sikuwahi kudhani kinanihusu, maana mimi nilifungia kwa huruma na nililisha kila siku. Lakini uzito wa kisa kile umo kwenye kule kumfungia. Ukishafunga mlango, kila alichokuwa akijitafutia kimekuwa deni lako, hata kile ambacho hukujua kwamba anakitafuta. Chakula utakikumbuka, maana anakililia. Maji hakuyalilia kwa namna niliyoweza kuielewa.

Kwa hiyo kama unaye mtoto wa paka ndani, ukamwekea maji naye akayapita bila kuyatazama, usihitimishe kama nilivyohitimisha mimi. Badilisha chombo, badilisha mahali, lowesha chakula chake, na maji yaache palepale kesho na keshokutwa.