TEMBO, KIMEA NA URAKA (Sehemu ya 6)

Tangu niandike kuhusu presha, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Sista, na mnazi je?" Haya, leo ni pombe za kwetu. Ila nawaambia mapema, sitaandika kama lile bango la ukutani kliniki. Mimi ni mtoto wa mgema. Ada yangu ya chuo, miaka mitatu ya diploma ya uuguzi, ilishuka kutoka juu ya minazi ya Sudi, kibuyu kwa kibuyu.

Baba ni Mmakonde. Aliteremka kutoka Newala akiwa kijana kutafuta kibarua, akakuta huku pwani minazi mingi na wagema wachache. Mzee mmoja akamfundisha. Kugema si kukwea tu. Unachagua karara ambalo halijapasuka, unalifunga kamba lisifunguke, unaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, halafu unakata ncha kwa kotama. Pale linaanza kutoa machozi. Kila asubuhi na kila jioni unapanda, unamimina kilichojaa, unakata tena kipande chembamba kama karatasi, unarudisha kibuyu. Ukikata nene unalimaliza karara mapema. Ukiruka siku, linakauka. Ndiyo maana mgema hana Jumapili wala sikukuu.

Yale maji yakitoka tu ni matamu, yana sukari karibu gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100. Hakuna anayetia hamira. Hamira inatoka hewani, kwenye karara na kwenye kibuyu chenyewe, ambacho baba hakioshi kwa sabuni hata siku moja, anasuuza tu. Zamani nilidhani ni uvivu. Kumbe ndani ya kile kibuyu wadudu wa kazi wanamsubiri. Lililogemwa usiku, asubuhi limeshaanza kuumuka. Mchana lina ulevi kama wa bia. Kesho yake limechachuka, na ukiliacha siku zaidi linakuwa siki. Bibi jirani yetu, mcha Mungu ambaye pombe haijawahi kugusa mdomo wake, alikuwa akituma mjukuu alfajiri kuchukua tembo kidogo la kuumulia mikate. Moto ukishapita hapo ulevi hakuna. Baba hakuwahi kumtoza hata senti.

Mama yeye kazi yake ni mabibo. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hivi, mabibo yanadondoka hadi yanakera. Watu wanachotaka ni korosho, tunda lenyewe linaoza kesho yake. Mama anayatwanga, anayakamua, anayachuja, anayaacha kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa: huo ndio uraka. Nikisema kama nesi, juisi ya bibo ikiwa bado haijachacha ina vitamini C kuzidi ya chungwa, mara kadhaa. Wanywesheni watoto hiyo, jamani, badala ya maji ya rangi ya dukani. Uraka wenyewe waachieni wakubwa.

Sasa nichepuke kidogo. Miaka michache nyuma alikuja hospitalini kwetu daktari wa kujitolea, mzee wa Scotland, mpole sana. Nyumbani kwake alikuwa na ndoo. Mwenzangu mmoja akaniambia kwa kunong'ona, "Dokta anapika pombe!" Tukaenda kuangalia. Kweli. Alikuwa amekuja na kimea cha shayiri na maua makavu machungu ya hopsi, na ndoo ameizungushia gunia bichi kama tunavyopozea mtungi, kwa sababu hamira ya kwao inataka nyuzi 18 hadi 20 na Lindi haikumpa nyuzi hizo hata usiku. Akatueleza kwamba Uingereza, hadi mwaka 1963, mtu kupika bia nyumbani alitakiwa awe na leseni. Akatuambia pia kwamba bia za kwao Scotland zilikuwa zikiitwa kwa bei ya pipa: ya shilingi 60, ya shilingi 70, ya shilingi 80, na shilingi zikizidi na bia inazidi kuwa nzito. Tulicheka sana. Sisi shilingi tunazo bado, pipa ndilo hatuna.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bia yao ya asili hainywewi baridi wala haina gesi nyingi. Inatoka kwenye pipa ikiwa na nyuzi 12 hivi, imetulia, na hamira yake bado hai ndani. Yaani ni kama komoni, tofauti ni nafaka na ubaridi. Na zamani waliopika huko walikuwa wanawake, nyumbani mwao, kabla viwanda havijachukua kazi. Mama aliposikia hivyo akasema, "Kumbe nao." Yule dokta akaenda kuonja tembo la baba. Alikaa kimya, akanywa tena, akauliza limekaa saa ngapi. Baba akampenda kuanzia hapo. Alisema mzungu huyu anauliza swali la mgema.

Kimea tunacho na sisi, msisahau. Ulezi au mtama ukiloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa, ndiyo kimea cha togwa. Nikiwa kliniki ya watoto huwafundisha kina mama: uji mzito wa mtoto ukishapoa kiasi, ukitia kijiko cha kimea unalainika wenyewe bila kuongeza maji, na hapo mtoto anapata chakula kingi zaidi kwenye kikombe kile kile. Baada ya kutia kimea, uchemshe tena kidogo. Taasisi ya Chakula na Lishe walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980. Ni ujuzi ule ule wa mpika pombe, ila umesimama njiani.

Nije kwenye ya kuogopesha. Januari 2015, ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, mji wa Chitima mkoani Tete, watu walitoka msibani wakanywa pombe ya kienyeji. Walikufa 75, na aliyeipika akiwa mmoja wao. Mwanzo watu walisema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi ulipokamilika ikaonekana ni unga wa mahindi ulioharibika baada ya kulowa mafuriko. Bakteria waliota humo wakatengeneza sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiui. Nimeirudia habari hii kwa kila mama mpika pombe ninayemjua. Unga uliolowa, uliovunda, "huu haufai kula, tupikie pombe": hapana. Usiofaa kula haufai kunywa.

Na hizi za kukenekwa, gongo na nipa, mimi sizitetei. Licha ya kuwa kosa kisheria, hujui muuzaji kaongeza nini. Kenya mwaka 2014 walikufa watu zaidi ya 80 kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mtu aliyekunywa jana, leo anasema anaona ukungu, mbio hospitali. Msimlaze mkidhani ni hangova.

Kuna jambo jingine linaloniumiza wodini. Mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia ARV anaambiwa asinywe, anaitikia. Jumamosi anakunywa, halafu kwa woga anaacha dawa ili "zisigongane." Sikilizeni: usinywe, hasa mwenye dawa za kifua kikuu, ini lako linabeba mzigo mara mbili. Lakini kama umekunywa, dawa usiache. Njoo uniambie, sitakugombeza. Mjamzito, kwako wewe hakuna kipimo salama, hata la asubuhi lililo tamu.

Ila kinachoninyima mimi usingizi hakimo ndani ya kibuyu. Ni urefu wa mnazi. Nimepokea wagema walioanguka. Mmoja alikuwa na miaka 26, uti wa mgongo ulivunjika, miguu haikurudi. Nilimgeuza kila saa mbili asipate vidonda, na kila nilipomgeuza nilimwona baba. Baba ana miaka 64. Mvua ikinyesha zile ngazi zilizochongwa kwenye shina zinateleza kama sabuni, na yeye anasema karara halijui mvua.

Tumegombana juu ya hili miaka mitatu. Nilimwambia nitamtumia hela kila mwezi. Akaniuliza, "Na mimi nitakuwa nani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Mwaka jana tulifika mahali: minazi mirefu amempa kijana wa jirani, yeye amebaki na minne mifupi nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha anangoja ikauke. Hilo la mwisho mama ananiambia halitimizwi kila siku.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu vidonda vya mguu kwa wenye kisukari.