Hija ya Siku Tatu

Mwalimu mmoja aliniuliza: “Likizo yangu ni siku tatu tu. Je, hija fupi namna hii ni hija kweli?”

Nikamwambia, aanzie Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya Uganda. Hapo, mwezi wa Mei 1886, Kabaka Mwanga aliwahukumu vijana wa ikulu yake wafe kwa ajili ya dini. Andrea Kaggwa aliuawa papo hapo tarehe 26. Siku ya kwanza atembee mpaka Kampala, alale. Siku ya pili afike Namugongo, walipochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti, tarehe 3 Juni 1886. Siku ya tatu ni ya kurudi nyumbani.

Kwa habari ya mzigo, mimi safari ya kwanza nilijitwika sanduku zima. Bega likavimba, na sala ikanishinda, maana moyo wangu ulikuwa sandukuni. Sasa nachukua blanketi moja, shati moja la kubadili, kibuyu cha maji na rozari, basi.

Tena mwalimu asihuzunike kwa ufupi wa njia. Mathias Mulumba aliuawa Kampala ya Kale, asifike Namugongo kamwe. Hata hivyo, mwaka 1964 alitangazwa mtakatifu pamoja na wale Wakatoliki waliofika na kufa huko. Mungu hapimi hatua zetu kwa kamba. Atazama tumekwenda kwa nani.