Dola yenye mpasuko na akili ya mzee

Bukavu, Kadutu – Sokoni, mama muuza maharagi aliyepita miaka sabini hababaiki kwa bidhaa yake. Anaingiza mkono katika gunia na kujua mara moja: haya ni mapya, haya ni ya mwaka jana, haya yameanza kuliwa na wadudu. Shida yake ni dola. Anapokea yenye mpasuko mdogo, na jioni kambiste anaikataa. Faida ya siku nzima imepotea.

Watoto wake wanasema amezeeka, akili yake haishiki tena jambo jipya, heri abaki nyumbani.

Lakini mama huyo amekwisha kujifunza feza upya mara nyingi. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3 000 000 za zamani. Mwaka 1998, franga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Mwaka 2012 zikatoka noti za franga 1 000 mpaka 20 000, wakati kubwa kuliko zote ilikuwa ya 500. Zote alizizoea.

Ugumu wa dola ni kwamba sheria yake inapingana na ile ya franga. Franga iliyochakaa, hata iliyobandikwa, inapita. Dola yenye mpasuko kidogo, au ya zamani yenye kichwa kidogo, inakataliwa. Uzee unapunguza nguvu ya kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja na ya kuzuia mazoea yasitangulie. Mteja akiharakisha, mazoea yanashinda.

Hata hivyo akili ina njia zaidi ya moja. Mwaka 1993, watafiti Barbara Knowlton na Larry Squire wa Marekani walionyesha kwamba watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu waliweza kutambua kundi la michoro ya nukta sawa na watu wazima kiafya, ingawa michoro yenyewe hawakuikumbuka vizuri. Kuona mifano mingi kulitosha. Ndivyo mama alivyojua maharagi. Hakuna aliyemsomea sheria.

Basi kumkaripia mbele ya wateja hakusaidii. Asubuhi, kabla hajachoka, awekewe mkononi dola nzuri na mbaya, moja kando ya nyingine, aambiwe palepale: hii inapita, hii haipiti. Irudiwe kesho na kesho kutwa. Meza hiyo ndiyo iliyolipa minervali ya watoto wanaotaka kuifunga.