Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Sikio na Uteuzi wa Spika za Nyumbani

Neno "spika" lina maana mbili katika Kiswahili cha leo, na maana hizo hazijaachana mno kama inavyodhaniwa. Spika wa Bunge huketi katika kiti cha heshima, lakini hachangii hoja. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila mjumbe amesikika kwa zamu yake, mwenye kelele asimmeze mnyonge. Spika ya muziki nayo ina wajibu uo huo. Haikuletwa sebuleni iimbe. Imeletwa ili mwimbaji, mpiga udi na mpiga besi wasikike, kila mmoja mahali pake. Spika inayojitia katika wimbo kwa mvumo wake yenyewe imekiuka kanuni za kikao.

Kanuni hizo hukiukwa aghalabu pale ambapo fedha ni chache. Mtu afikaye katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, inayojulikana kwa maduka yake ya vyombo vya umeme, hulakiwa na ngurumo kabla ya kulakiwa na muuzaji. Waama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu mmoja kijana wa Kiswahili, mwenye akiba ya miezi kadhaa na mapenzi makubwa ya taarabu, alifika huko kutafuta jozi ya spika ndefu za kusimama sakafuni. Hakutaka kutikiswa kifua. Alitaka kuyasikia maneno ya nyimbo. Haja hiyo ndiyo iliyompa kipimo ambacho hakikuandikwa katika katoni yoyote.

Jambo la kwanza lililomkabili ni tarakimu. Baadhi ya katoni zilijigamba kuwa na maelfu ya wati, na kando ya tarakimu hizo palikuwa na herufi PMPO. Wati za aina hiyo hudai kueleza nguvu ya kilele cha muda mfupi mno, tena bila kanuni moja iliyokubaliwa na watengenezaji wote. Kwa hivyo chombo chenye wati chache za kweli chaweza kuvikwa joho la mamia ya wati za kubuni. Tarakimu yenye uzito ni ile inayoitwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo chaweza kuihimili kwa mfululizo. Hata hiyo haitoshi. Muhimu zaidi kwa msikilizaji wa nyumbani ni wepesi wa spika wenyewe: ni desibeli ngapi zinazosikika umbali wa mita 1 spika inapopewa wati 1. Spika ya desibeli 90 na ile ya desibeli 87 huonekana kukaribiana, ilhali ile ya pili huhitaji nguvu maradufu ya amplifaya ili kuifikia ya kwanza. Mwenye amplifaya ndogo akilipuuza jambo hili, atajikuta akiisukuma hadi sauti ikwaruze.

Jambo la pili ni kasha. Spika ndefu ina faida zake: tumbo lake ni kubwa, kwa hivyo huweza kushuka chini zaidi katika sauti nzito, na haihitaji kununuliwa kigoda cha kuiinua. Lakini faida hiyo ina gharama. Kwa bei ile ile, mtengenezaji wa spika ndogo ya rafuni hununua mbao chache na koni moja au mbili. Wa spika ndefu hulazimika kuigawa fedha hiyo katika mbao nyingi na koni nyingi. Akibana matumizi, ubao huwa mwembamba, na ubao mwembamba hutetemeka pamoja na wimbo. Mwalimu aligonga ubavu wa kila kasha kwa konzi. Kasha lililojibu kwa mlio mfupi na mkavu lilionyesha kwamba limekazwa vyema. Lililojibu kwa mvumo mrefu lilikuwa debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma, hata likipakwa rangi ya mpingo.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba kila kilicho rahisi ni duni. Kanuni ya koili inayosogezwa na nguvu za sumaku na kuisukuma koni, ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric waliieleza mwaka wa 1925, ndiyo ingali inatumika katika spika nyingi, za bei ya chini na za bei ya juu. Mhandisi Mwingereza Andrew Jones alisanifu spika za TAD Reference One, ambazo jozi yake iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mhandisi huyo huyo akaisanifia kampuni ya Pioneer spika ndefu ya SP-FS52, yenye koni tatu za inchi 5.25 na twita ya inchi 1, ambayo jozi yake iliuzwa kwa mamia machache tu ya dola. Hazikulingana, na hazingeweza kulingana. Lakini ile ya bei nafuu ilidhihirisha kwamba umakini wa msanifu hupatikana hata pale ambapo mbao za thamani hazipatikani.

Baada ya tarakimu na kasha, lilibaki sikio. Hapa mwalimu alitumia elimu yake ya fonolojia. Msingi wa sauti ya mwanamume mzima huwa takriban kati ya hezi 85 na 180, na wa mwanamke huwa juu kidogo ya hapo. Irabu hupata sura zake katika masafa ya kati. Vikwamizo kama vile /s/ na /f/ hutegemea masafa ya juu, mara nyingi zaidi ya hezi 4,000. Ndiyo maana katika simu ya zamani, iliyopitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 pekee, mazungumzo yalieleweka lakini mtu alilazimika kulitaja jina lake herufi kwa herufi. Spika ambayo twita yake ni hafifu, au ambayo besi yake imefura hadi kuyafunika masafa ya kati, huwa na kasoro iyo hiyo. Husikika "saka" mahali pa "shaka", na "samani" mahali pa "thamani". Spika isiyoweza kutofautisha thamani na samani, yenyewe ni samani tu.

Kwa sababu hiyo, hakukubali kusikilizishwa nyimbo alizochaguliwa na muuzaji. Alikuja na zake katika simu. Ya kwanza ilikuwa ya Juma Bhalo wa Mombasa, gwiji wa taarabu aliyefariki mwaka wa 2014, ambaye baadhi ya tungo alizoimba zilitungwa na Ahmad Nassir, mshairi wa Malenga wa Mvita. Katika wimbo wa namna hiyo, kina kikimezwa, shairi limevunjika. Ya pili ilikuwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ambamo gitaa la besi hutembea kwa hatua zinazohesabika. Uzi mzito zaidi wa gitaa hilo hutoa takriban hezi 41. Spika njema huzitenga hatua hizo moja baada ya nyingine. Spika mbovu huzigeuza kuwa mngurumo mmoja. Mngurumo si besi.

Alizingatia pia hila moja ambayo wauzaji huijua vyema. Kati ya spika mbili, ile inayolia kwa sauti ya juu kidogo hudhaniwa kuwa bora, hata tofauti ikiwa ndogo. Basi kila alipobadilisha jozi, alirekebisha sauti hadi zikalingana, kisha akasikiliza tena ubeti ule ule. Spika iliyokuwa ikipendeza kwa kelele ilipoteza haiba yake mara tu kelele hiyo ilipoondolewa.

Aliyoyachagua masikio yake hayakuwa makasha makubwa zaidi dukani. Yalikuwa membamba, mazito kwa kuyabeba, yasiyo na taa za kumetameta. Nyumbani nako kulikuwa na mtihani wake. Chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu huirudisha sauti kama pango, na spika ikisukumwa pembeni, kona huikuza besi yake kupita kiasi. Mwalimu alizisogeza mbele ya ukuta, akazipanga pamoja na kiti chake katika pembetatu ya pande sawa, akatandika zulia, akatundika pazia zito, na rafu ya vitabu akaiweka ukuta wa nyuma. Mambo hayo yalimgharimu fedha kidogo, lakini yalibadilisha mengi ambayo spika ghali zaidi isingeyabadilisha.

Huenda msomaji akauliza kama suala hili lastahili kushughulisha wanaoshughulikia lugha. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka wa 1928, mitambo ya wakati huo ilinasa masafa finyu mno ikilinganishwa na ya leo. Ila maneno yake yalivuka bahari, yakafika Unguja na pwani nzima, yakaimbwa na waliokuwa hawajamwona. Leo vyombo vina uwezo mkubwa kuliko vya wakati huo, lakini nyumba nyingi hununua mvumo na kuacha neno. Kijana aliyelelewa na mvumo ataucheza wimbo miaka mingi bila kujua unasema nini, na mshairi aliyeuhangaikia ubeti wake usiku kucha atakuwa ametungia ukuta. Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili ilitungwa iimbwe na kusikika. Anayeteua spika kwa kuyafuata maneno anaufungulia ushairi huo mlango wa sebule yake, na sikio, kama wasemavyo wahenga, halilali njaa.