Kabla ya Kulipa Fundi wa Kompyuta

Wamama wenzangu, pesa ya likelemba ikifika mkononi, kila mtoto ana ombi lake. Kijana wangu aliomba kompyuta yetu, ile iliyojengwa pamoja na ekrani yake, iongezewe nguvu apate kucheza michezo mikubwa. Hapa Birere fundi mmoja alinitajia dola 150 kwa diski mpya na kadi ya picha.

Nilimwomba anifungulie nione kadi itaingia wapi. Nafasi haikuwepo. Katika kompyuta nyingi za namna hii, kifaa cha picha kimechomelewa kwenye bodi yenyewe. Tena sanduku ni jembamba, na joto la kadi kubwa halina pa kutokea.

Diski ndiyo hubadilishwa. Ya zamani huzunguka. Ya SSD haizunguki, kwa hiyo kompyuta inawaka upesi na mchezo unafunguka bila kungoja sana. Lakini mchezo mzito haugeuki mwepesi kwa sababu ya diski. Nililipia diski peke yake. Kijana alinuna siku mbili. Sasa anacheza michezo ya zamani, na pesa iliyobaki imelipa shule ya dada yake.

Mama, fundi akisema itawezekana, usimkatalie, lakini usimlipe bado. Mwambie: "Baba, nionyeshe mahali itakapoingia." Na diski ya zamani urudi nayo nyumbani, kwa maana picha za familia zimo humo.