Wageni wa Mto Sabaki

Kaskazini ya Malindi iko njia ya miguu ifuatayo ukingo wa mto Sabaki kuelekea baharini. Mimi huipita mara nyingi wakati wa alasiri, na kila mwaka tangu mwezi wa Septemba huwaona wageni wakiwasili: mbayuwayu, na yule ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, atikisaye mkia nyuma ya ng'ombe na kudaka wadudu wanaorushwa na kwato. Jua likizama hukusanyika wengi kulala katika matete. Mwezi wa Aprili ukiisha, huwa wamekwenda zao.

Zamani watu wa Ulaya walipowakosa mbayuwayu siku za baridi, wengine walisema kwamba wamejizika topeni chini ya maji. Hata mwaka 1911 mtu mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni, akamwachilia. Mwezi wa Desemba, mwaka 1912, ndege yule alishikwa Natal, Afrika ya Kusini, pete ingali mguuni. Alikuwa amevuka zaidi ya kilometa 9,000, naye uzito wake haupati gramu 30.

Msimu uliopita nalimkuta kijana wa jirani njiani, anapaka ulimbo vijitini. Akaniamkia kwa adabu. Nikamwuliza, "Mwanangu, wawinda nini?"

Akajibu, "Ndege hawa, mzee. Hawana mwenyewe."

Nikaketi, nikamweleza ya kuwa mbayuwayu hujenga viota vya tope juu ya boriti za mazizi huko Ulaya, na mwenye zizi huwaacha walee makinda yao kwa amani. Yeye hawezi kuwalinda hapa kwetu, wala sisi hatuwezi kuwalinda kwake. Kila mtu ana zamu yake.

Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Na leo usiku tutakula nini, mzee?"

Sikuwa na maneno ya kumjibu. Tukaondoka pamoja, tukagawana unga uliokuwamo nyumbani mwangu, naye akavitupa vijiti vyake mwenyewe.

Basi, wazazi, wachukueni watoto mtoni jioni, wasimame mbali na matete, wasirushe mawe, wahesabu wageni wao. Lakini atakaye ndege waachwe salama, na atazame kwanza chungu cha jirani yake.